Mtu wa Ishirini wa Fourau

Ijumaa, 8 Novemba

Nimewasili kutoka Auki na fomu za sensa. Mkoa wetu wa Malaita una milima na mito ya kutosha, lakini watu wa Lau walichagua bahari. Walirundika mawe ya matumbawe majini, wakajenga juu yake. Nimezaliwa mkoa huuhuu, na bado nastaajabu.

Fourau, kisiwa kimoja cha namna hiyo, kina nyumba nne. Muuguzi huja kwa boti kila mwezi. Mwakani boti itasimama tu kwenye visiwa vyenye watu ishirini au zaidi. Adelin, mwenye mimba ya miezi saba, ameniuliza mara mbili kama nimeshahesabu.

Jumapili, 10 Novemba

Leo ndiyo siku yenyewe: kila mtu ataandikwa pale atakapolala. Nilipaswa kurudi bara alasiri, lakini bahari imechafuka. Jemuel, mwenye mtumbwi, amekataa katakata. Kasema nisome vitabu vyangu, mawimbi kayasomea yeye.

Jumatatu, 11 Novemba

Bibi Rosina, mama mkwe wa Adelin, alinitajia watu arobaini na mmoja wa nyumba yake. Niliandika wote — kumbe thelathini wanaishi Honiara, mji mkuu! Nilipomweleza kanuni, alinihurumia. Kwake, mtu ni wa kisiwa alichokiwekea jiwe, na kila mtoto huweka lake akianza kutembea. Akanipitisha kwenye ukuta wa mawe unaozunguka kisiwa: hili la Tome, baharia; hili la Kwaina, mwalimu. Hakukosea hata moja. Pengine ukuta wake ni sahihi kuliko fomu yangu. Au nimependezwa tu, na kupendezwa si ushahidi.

Nimefuta thelathini. Kisiwa kizima: kumi na tisa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwambia Adelin jumla. Aliendelea kumenya magimbi, polepole zaidi.

Bibi Rosina ndiye aliyeuliza. "Mjukuu wangu, juzi ulilala wapi?"

"Hapa, bibi."

"Basi msomi mzima umeshindwa kujihesabu?"

Kanuni inasema: alipolala mtu. Maelekezo ya sisi wahesabuji yanasema tuandikwe vituoni kwetu, yaani mimi Auki. Nimeyasoma yote mawili mara nne. Kila moja lina haki yake.

Bibi akaniletea jiwe. "Weka hili kwanza. Karatasi itafuata."

Nimekaa ukutani, jiwe mapajani, fomu juu yake. Ni zito kuliko nilivyodhani. Mstari wa ishirini u mtupu. Maji yanakupwa, Jemuel ananiita, na Adelin ameacha kumenya —