Koti la Papa Muhindo

Mdogo wangu Kahindo,

Nakusalimu kutoka Goma, mvua ikipiga mabati. Kwenye kituo cha afya ya akili wanatutuliza kwa vitu vya kugusa na kunusa. Jana Mama Furaha, anayetuongoza, alinipa mchaichai ninuse. Nikatoka mbio, maana ndio tuliokunywa siku zote za matanga ya mume wangu.

Hakunikaripia. Alisema, "Mama, pua yako ndiyo inajua. Tutafute kingine." Akaniwekea mapajani mfuko mzito wa maharagwe. Miguu yangu, isiyotulia tangu mazishi, iliendelea kucheza. Muzee Saidi, dereva wa zamani tunayetibiwa naye, akasema, "Gari yangu ingekuwa na hii miguu, ningeshafika Kisangani!" Nilicheka. Nilipoangalia chini, miguu ilikuwa imetulia. Nilikaa hivyo mpaka chai waliyotupa ikapoa, halafu miguu ikaanza tena.

Kahindo, uzito ule naujua. Ni wa koti la mvua la marehemu mume wangu, Papa Muhindo, alilokuwa akinifunika magotini tukirudi sokoni juu ya lori. Nilikosea kukuambia uligawe pamoja na nguo zake. Kama bado lipo, nitumie kwa gari lolote linalokuja huku, na usilifue. Kama limeshachukuliwa, usiende kulidai. Niambie tu ni nani analivaa, nijue kuna mtu halowi.

Wafunike watoto vizuri, najua baridi ya Butembo.

Dada yako,
Kavira