Nilisema Damu ya Kina Mutindi ni Mbaya

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa aibu, nisaidie kabla ya Jumamosi.

Nafanya kazi na daktari anayechunguza kisukari hapa Kitui, na mwaka jana alinituma nitafute watu wenye afya ili damu yao ilinganishwe na ya wagonjwa wa wodini, ambao wengi ni wa ukoo mmoja wa Mukuyuni, nami kwa kutaka urahisi nikaenda kwenye mkutano wa ukoo wetu kule Kanyangi, nikapata watu sitini asubuhi moja, na majibu yaliporudi wagonjwa wengi walikuwa na alama fulani katika damu ambayo kwetu karibu haikuwepo, basi nikaamini ndiyo inayoleta kisukari. Mmoja wa wagonjwa ni Nthenya, mama yake Mutindi, mchumba wa Mutiso, mtoto wa dada yangu, na nilipoona jina lake penye alama sikuweza kunyamaza, nikamwambia dada, naye akasema, "Hiyo damu haitaingia kwetu." Jumamosi anakwenda kudai mbuzi wa ntheo tuliowapeleka kumposa msichana.

Lakini daktari alipojua nilikowatoa wale wenye afya, alikwenda Mukuyuni mwenyewe akapima wasio wagonjwa, akakuta wana alama ile sawasawa na wagonjwa wa huko. Jana aliniambia, "Hii alama si ya ugonjwa. Ni ya ukoo wao." Nikisema ukweli, kwamba nilitoa siri ya mgonjwa, nitafukuzwa kazi. Habari zimewafikia Mutindi na mama yake, na Mutindi amekonda kwa kulia. Nifanye nini?

Mwenye Majuto, Kitui

Mwenye Majuto,

Nakuonea huruma, ila namhurumia Mutindi zaidi. Wenye afya uliwachagua nyumbani kwako, wagonjwa ukawapata kwa wenzako, halafu ukashangaa kwamba ugonjwa uko kwa wenzako. Je, kwenu hakuna mwenye kisukari? Wapo, ila siku ile hukuwaita.

Hilo la kwanza ni kosa la kazi, na daktari amelirekebisha. Kutoa siri ya mgonjwa ni kosa lako wewe, na hakuna wa kukurekebishia.

Leo hii mwendee dada yako, umwambie ulikosea, na Mutiso awepo asikie. Kesho mwambie daktari ulichofanya, hata kama utapoteza kazi. Jumamosi nenda Mukuyuni na dada yako, na mbuzi wabaki walipo. Mbele ya Nthenya usianze na habari za alama wala vipimo. Ni mama mgonjwa, na kwa ajili yako anaamini ndiye aliyemharibia mtoto wake ndoa. Anza kwa kumwomba msamaha.