Kipulizio Kilichopinda

Zulfa, mjukuu wangu,

Umejifungia chumbani, kwa hiyo naandika. Uji nimeufunika mezani, unywe.

Kipulizio cha mpira mgumu cha klarineti yako ya besi, ile zumari yako kubwa, nilikimwagia maji yanayochemka kwa kuwa ni cha mtumba, nami nilitaka kukitwaharisha kabla hujakitia kinywani. Sikujua kuwa kingepinda. Ulipolia, "Babu, bendi inanijaribu leo, umenimaliza!" nilikujibu kwa ukali kwamba chombo hicho hunguruma kama fahali.

~~Usiende huko kwenye bendi.~~

Nimekwenda Nyakato kwa Mzee Rugambwa, mpigaji mstaafu wa klarineti kama yako, ambaye anavyo vipulizio viwili. Nifuate upesi, uvijaribu vyote, kisha uchague wewe. Sikio langu lisilopenda mngurumo lisikushughulishe.

Utakapopuliza mbele ya bendi, usinitazame usoni. Nitakuwa katikati ya dua.

Babu yako