Mafuta ya Kichwa cha Amisi

Siku ya ine, magaribi.

Nimejikasirikia. Sijui ni nini ilinituma kumusomea kaka yangu Amisi ile habari ya kwenye telefone.

Wataalamu wanatoa seli mu mafuta ya tumbo la muntu, wanazilea mu laboratuari mpaka zigeuke seli za ubongo. Wanatumaini siku moja zitatengeneza vichwa vilivyoumia. Nilimuambia mara mbili kama bado ni majaribio. Yeye alisikia "mafuta" tu. Akasimama, akaenda jikoni, akaniletea chupa ya mawese.

"Nipake," akasema, akainamisha kichwa chenye kovu.

Nilicheka. Halafu nikaona kama yeye hacheki.

Kabla pikipiki haijamuangusha kule Sange, Amisi alijua kila samaki wa ziwa. Alikuwa ananifunga macho na kitambaa, nanusa, nataja: mukeke, kuhe, ndagala. Nikikosea, anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Na mimi mwenyewe, juu ya wembamba wangu, aliniita Ndagala. Tangu aanguke, kila samaki ni "kile kintu", na minye niko "weye" tu.

Ninaogopa wale wataalamu watachelewa kutufikia.

Basi nilimupaka. Polepole, kovu lote, mawese yakimutiririka shingoni. Akafumba macho.

"Ndagala," akasema.

Sijui kama alikuwa ananiita ao alikuwa na njaa. Niliitika.