Kitufe cha Anza

Alhamisi, Mfangano

Kumbe kioo cha skrini hakina kasoro hata kidogo. Na mimi wiki nzima nimekuwa nikikilaumu.

Leo asubuhi mashine ya barafu niliyoifungia skrini ya kugusa ilikuwa ikiwaka na kuzima papo hapo. Mama Awuor, mwenyekiti wa akina mama wauza samaki, alibonyeza Anza mara kadhaa, kisha akanigeukia.

"Nyathina, mwanangu, hii kitu inatuchezea. Samaki ikiharibika leo, hakuna mtu ataiamini tena."

Niliketi kwenye kreti, nikafungua laptopu, nikamwomba abonyeze tena, polepole. Hapo nikaona. Kidole chake kilikuwa kimelowa maji, na mguso mmoja ulifika kwenye programu kama miguso miwili: wa kwanza unawasha, wa pili unazima. Huko Rongo, nilikoiandikia programu hii, nilikijaribu kitufe kwa vidole vyangu vikavu tu!

Nikabadilisha maagizo: programu isubiri kidole kiinuliwe ndipo itende, kisha ipuuze mguso wowote unaofuata upesi mno.

Alibonyeza. Mashine ikanguruma. Tukaisikiliza sote, tukingoja izime. Haikuzima.

Bado nahofia mvua, na vumbi, na siku ambayo sitakuwapo kuitengeneza...

Mama Awuor hakunipongeza wala kunishukuru. Aligeuka tu, akawaita wenzake kwa sauti iliyosikika hadi ufuoni: "Leteni samaki!"