Jezi Nyeusi ya Siku ya Thelathini na Nane

Mpendwa Bi Jurema,

Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumapili ya tarehe ishirini mwezi huu, kwa sababu siku hiyo klabu ya mji wetu itawaenzi wachezaji wa zamani, nami nimebakiza wiki mbili za kuamua kama nimwambie mama yangu jambo nililomficha kwa miaka arobaini au nitafute kisingizio cha kumzuia asihudhurie.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, nina watoto wawili wakubwa, na nasimamia duka la vitambaa aliloacha baba yangu hapa Pedra Clara. Babu alitoka Lebanoni na sanduku la sindano na vitana akiuza nyumba kwa nyumba, baba akapata kaunta, nami nikarithi kaunta pamoja na jina, maana hapa mwenye duka la vitambaa huitwa Mturuki hata umweleze mtu mara mia kwamba babu yako aliwakimbia haohao Waturuki. Uwanjani pia niliitwa hivyo, Mturuki, winga wa kushoto, namba kumi na moja, na mpaka leo mtu akiniita hivyo sokoni mguu wa kushoto unashtuka kabla ya kichwa kugeuka.

Nilianza na mpira wa matambara kwenye uchochoro nyuma ya duka, siku zile sheria bado inakataza wanawake kucheza. Ilipofutwa nilikuwa na miaka kumi na minne, na mwaka 1981 tukaunda timu, wasichana kumi na wanne, wengi wao wa kiwanda cha maziwa, wala hatukuwa na jezi. Baba, Bwana Tufic kwa kila mtu, alikuwa na majora matatu ya kitambaa cheusi cha msiba yaliyolala rafuni miaka. "Kitambaa hiki hakitoki mpaka mtu afe," akatuambia, "na watu wa mji huu wana afya ya kuudhi. Chukueni." Dalva, golikipa wetu, akashona jezi kwa cherehani ya shangazi yake, namba tukazikata kwenye foronya, na saba ya mwenzetu Ivete ilikaa kichwa chini mpaka timu ilipovunjika. Mama yangu Wadia, ambaye ameshonea nusu ya maharusi wa mji huu, aliishika yangu kwa vidole viwili akaiinua kwenye mwanga. "Aliyeshona hii alikuwa anakimbizwa na mbwa?" Akanirudishia, na hakuja uwanjani hata siku moja.

Basi tukaitwa Wajane. Ugenini tukiingia tu, jukwaa zima linapiga kelele, "Wajane hao! Leo mmezika nani?" na Dalva anawajibu kutoka golini, "Bado! Tumekuja kumpima maiti!" Tulisafiri nyuma ya lori la maziwa tukiwa tumekalia madebe matupu, tukila kibe baridi za mama, zile kababu zetu za nyama na ngano, ambazo alinifungia mimi peke yangu ila siku zote zilitosha timu nzima na dereva. Sijawahi kula kitu kitamu kama zile kibe zenye harufu ya maziwa yaliyochacha, na nimeandaa harusi mbili tangu hapo.

Mwaka 1984 tukafika fainali ya mkoa, na tarehe kumi na tatu Septemba baba akaanguka dukani mkasi ukiwa mkononi, moyo, hata daktari hakuwahi.

Umeishi karibu na watu wetu, unajua siku arobaini zinavyokuwa. Mama aliifunika redio, akafunika vioo, akalifunga kopo la sukari ndani ya mfuko na kuliweka juu ya kabati la mashuka, pale pasipofikika bila kiti, kwa sababu kahawa ya msiba hunywewa chungu. Wanawake hatukutoka ila makaburini na kanisani. Fainali ilikuwa Jumapili tarehe ishirini na moja Oktoba, siku ya thelathini na nane. Dalva alikuja kutoa pole, akanywa kahawa, akakunja uso, na mlangoni akaninong'oneza, "Jumapili saa kumi. Sikuambii uje. Nakuambia saa."

Jumapili hiyo nilimwambia mama kwamba naenda kubadilisha maua kwenye kaburi la baba, halafu nitabaki kanisani kusali rozari. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. "Nenda," akasema. "Funga nywele vizuri, kuna upepo." Nilivaa jezi ndani ya blauzi, nyeusi chini ya nyeusi, na makaburini kweli nilipita, dakika tatu, ili usiwe uongo mtupu, na naona hilo ndilo baya zaidi.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo mwekundu unashika viatu. Dakika kumi za mwisho tuko sare, bao moja kila upande, nikapewa mpira pembeni, beki wao akanishika begani, jezi ikachanika mpaka kwapani, refa akaacha mchezo uendelee, nami nikaendelea na mkono wa jezi ukining'inia, nikapiga kwa kushoto, na sikuuona ukiingia, niliona tu Ivete ameruka. Mtangazaji wa redio ya mji alikuwa kwenye meza kando ya mstari akipayuka, "Mturuki! Mturuki! Binti wa marehemu Tufic!" nikajiambia si kitu, redio yetu imefunikwa. Hapo ndipo mtu aliponipiga picha. Bega nje, matope mpaka magotini, na ninacheka, Bi Jurema, kinywa wazi, siku ya thelathini na nane tangu baba afe.

Kocha mmoja wa klabu ya São Paulo akaniambia nije mwezi unaofuata, chumba kipo, viatu vipo. Nikasema nitafikiri. Nilioga kwa Dalva, nikarudi nyumbani, nikaisukuma jezi na matope yake chini ya kitanda ndani ya mfuko. Wiki moja baadaye niliikuta palepale imefuliwa na kushonwa begani, nikajua ni Dalva, maana alishinda kwetu siku ya arobaini akisaidia vyombo. Sikumuuliza, na sasa amefariki; jezi ninayo bado.

Ila Jumatatu ile, siku ya thelathini na tisa, mama aliniletea kahawa mezani, nikaonja, ilikuwa tamu. Maskini, alikuwa amechanganyikiwa kwa majonzi hata akasahau. Niliinywa yote bila kusema neno nisimwaibishe, na kikombe kikiwa mdomoni nikaapa kwamba sitagusa mpira tena. Nimetimiza. Sikwenda São Paulo. Mwezi uliofuata mama aliniuliza mara moja tu, "Huendi mazoezini?" Nikamwambia, "Nimechoka nayo, mama." Akanitazama, akasema, "Haya."

Sasa klabu inaikuza picha ile iwe kubwa kama ukuta, na tarehe yake chini, na mama, mwenye miaka tisini na miwili na akili kali kunizidi, amealikwa kukaa mbele kwa sababu kitambaa kilitoka dukani kwake. Anasoma kwa kioo cha kukuzia, na siku za baba anazijua kwa vidole. Ataitazama tarehe na atahesabu. Katibu wa klabu amekubali kuandika "1984" peke yake nikitaka. Kaka yangu Farid anasema, "Mwanamke ana miaka tisini na miwili, unataka kumuua kwa mpira?" Nifute tarehe, nimwambie, au abaki nyumbani? Mimi peke yangu nimeshindwa.

Winga wa Kushoto, Pedra Clara

JIBU

Winga wa Kushoto,

Pole kwa kufiwa. Miaka arobaini ni mingi, lakini nimeisoma barua yako mara tatu na sioni mahali ulipokaa ukamlilia baba yako bila kujishtaki. Pole pia kwa Dalva. Baada ya hapo tufanye kazi.

Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa ripota, na kwa miaka kumi na saba niliandika taarifa za vifo za gazeti hili. Nimeketi kwenye misiba ya watu wenu isiyopungua thelathini, na kila mara kahawa yenu ilinichoma tumbo. Nimeona wajane waliosahau majina ya watoto wao. Nimeona mmoja aliyevaa viatu viwili vya mguu mmoja. Aliyekosea akatia sukari sijamwona, na sababu unaijua kwa kuwa umeiandika mwenyewe: sukari haikuwa jikoni. Ilikuwa ndani ya mfuko uliofungwa, juu ya kabati la mashuka, pasipofikika bila kiti. Mama yako alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ili akosee ilibidi aburute kiti, apande, afungue fundo, achote, afunge tena, ashuke, na akirudishe kiti kabla hujaamka. Mtu aliyechanganyikiwa hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mtu aliyeamua.

Alijuaje? Redio yenu ilifunikwa, ya jirani je? Mtangazaji alilitaja jina la mume wake hewani, mji mdogo, Jumapili alasiri, madirisha wazi. Na kama hakusikia mwenyewe, kulikuwa na mji mzima wa kumwambia. Wewe ndiye uliyedhani kitambaa juu ya redio moja kinanyamazisha Pedra Clara yote.

Halafu bega la jezi. Unasema ni Dalva. Dalva huyohuyo aliyeshona saba kichwa chini, ambaye mama yako aliuliza kama alikuwa anakimbizwa na mbwa? Itoe jezi uutazame mshono huo kwenye mwanga. Ukiwa umevurugika, nimekosea. Kama huwezi kuuona mpaka uutafute kwa kucha, basi unajua ni mkono wa nani, maana mkono huo umekuvalisha tangu ubatizo.

Sitakuapia. Sijawahi kukutana na Bi Wadia. Lakini nimehukumu mambo makubwa kwa ushahidi mdogo kuliko huu na sikulazimika kuomba radhi.

Sasa nikugombeze. Umebeba kosa la makaburini miaka arobaini kama mtu anayelinda mali. Acha. Msichana wa miaka kumi na tisa alipita kwa baba yake dakika tatu, akaenda kucheza akiwa amevaa kitambaa ambacho baba huyo alimpa, akafunga, akacheka. Sioni aliyeumizwa. Uongo wako ulioumiza ni wa pili, ambao umeupitia kwa mstari mmoja kana kwamba si kitu. "Huendi mazoezini?" "Nimechoka nayo." Mwanamke yule alivunja msiba wa mume wake siku moja kabla haujatimia, akakushushia sukari, akakaa kukusubiri uelewe. Ukainywa, ukaweka kikombe chini, ukaacha mpira, na hukumwambia kwa nini. Kwa miaka arobaini ameamini kwamba ulichoka tu. Pengine ameamini kwamba ruhusa ile ya sukari ilikuja imechelewa. Hilo ndilo la kumwomba radhi, na ana miaka tisini na miwili, kwa hiyo usinisubirishe na mambo ya kufikiri.

Fanya hivi. Tarehe ibaki kwenye picha, nzima, siku na mwezi. Mwambie katibu leo. Usimwambie mama yako jukwaani, wala kwenye chakula cha Jumapili mbele ya Farid, ambaye ni mwana mwema lakini ataanza kutafuta dawa za presha. Chagua siku ya kazi, funga duka mapema, wateja watarudi. Nenda kwake na jezi. Mwekee mapajani, bega likiwa juu, mpe na kioo chake, kisha unyamaze. Wewe ni mtu wa maneno mengi, barua yako inaonyesha, kwa hiyo jitahidi. Mwache aanze yeye.

Akianza, mwambie kwa nini uliacha. Kwa ufupi. Usilie kwanza wewe. Katika umri wake hastahili kazi ya kukubembeleza. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, na kesho yake urudi. Akisema hajui unazungumza nini, usimbishie: mkunjie jezi, kaa naye, na Jumapili mpeleke hivyohivyo.

Farid mpe kazi: alete kiti chenye mgongo, maana najua majukwaa ya viwanja vya mkoa huu, ni saruji tupu, na mgeni wa heshima ataumia kiuno kabla ya hotuba ya kwanza. Wewe beba kibe za kutosha timu yote iliyobaki. Na dereva.

Kabla ya yote hayo, siku ile unayokwenda kwake, wewe ndiye upike kahawa. Mtilie sukari, na kabla hajainywa muulize: Jumatatu ile aliweka vijiko vingapi? Nadhani anakumbuka.

Jurema