Diski Mpya na Orodha ya Nyakiyumbu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Dakika tisa! Nimehesabu kwa saa ya ukutani. Dakika tisa kompyuta ya parokia kufunguka – na hii ni baada ya Sam, fundi wa Kasese, kutuwekea diski mpya wiki jana na kuhamishia kila kitu. Orodha ya Bwera inafunguka kwa shida. Ya Nyakiyumbu haifunguki kabisa. Ni nzito: majina ya wakimbizi wote waliovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo wakapokelewa na familia za kule, na kando ya kila jina picha ya fomu yake. Inaanza, inaganda.

Mama Tabisa wa Beni alikuja tena kumuulizia binti yake Blandine. Alikaa kwenye benchi na rozari yake saa nzima. Nikamwambia arudi Ijumaa. Akaniuliza kama mume wangu nimeshamtafuta humo. Nikasema haijafunguka. Ni kweli. Miaka miwili na miezi mitano, tangu vita vitutenganishe, sina habari ya Anselme, na labda jina lake limo humo, mbele ya kiti changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Sam. Diski haina kosa, anasema. Kuna mpangilio wa ndani kabisa, kabla Windows haijaamka: umebaki IDE. Diski mpya, lakini kompyuta inaongea nayo kwa njia ya kizamani. Inatakiwa AHCI, ile njia mpya. "Lakini usiguse, madamu. Mimi niko Mweya, kazi ya hoteli. Wiki kesho nitakuja."

Wiki kesho! Na Padri Ephraïm alishatangaza kwamba Ijumaa watu waje kutafuta ndugu zao.

Nimegusa.

Nikabonyeza F2, ukurasa wa tatu, IDE ikawa AHCI, hifadhi, toka. Rahisi hivyo. Halafu skrini ya bluu. Ikajizima, ikajiwasha – bluu. Mara tano. Nakala yetu ya mwisho ni ya Novemba, kwenye flashi. Watu wote wa baada ya hapo wamo ndani ya kompyuta hii tu. Karatasi zenyewe zilikwenda Kampala.

Padri alipita dirishani akauliza inaendaje. Nikajibu: bien, vizuri. Mungu anisamehe.

Jumatano, 5 Machi – Majivu

Sikulala. Misa ilipoisha nikamwambia Padri ukweli. Aligusa majivu kwenye paji lake. Halafu: "Mama Espé, batu beko wanatoka Bwesumbu kwa miguu. Tutabaambia nini?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Sam, kwenye simu, yeye alipaza! "Si nilikuambia usiguse?" Alipopoa akasema nirudishe IDE kwanza. Nikarudisha. Nikangoja zile dakika tisa – sijawahi kuzipenda hivyo – na majina yote yamo! Nilipiga magoti hapohapo kwenye saruji.

Kumbe Windows iliwekwa wakati mpangilio ni IDE. Ukibadilisha ghafla, inaamka haiioni diski yake yenyewe. Ni lazima kwanza uiamuru iwake kwenye hali ya usalama, ndipo ubadilishe, nayo itajitafutia dereva, ile programu ya kuongea na diski. Kesho Sam ataniongoza kwa simu. Kwanza nakala, amesema, nakala! Ya Bwera imeingia kwenye flashi. Ya Nyakiyumbu nimejaribu mchana kutwa. Inakwama katikati kila mara.

Alhamisi, 6 Machi

Nakala ya Nyakiyumbu imeshindikana. Sam: "Basi muamue wenyewe. Mimi siko hapo." Padri akavuta kiti, akakaa kando yangu, akasema tufanye.

Sam alinisomea amri herufi moja moja. Niliandika, nikafuta, nikaandika upya. Zima. Washa. F2. AHCI. Skrini nyeusi. Nyeusi bado. Padri alikuwa ameshika ukingo wa meza. Halafu – Windows! Herufi kubwa mbaya, Safe Mode – ile hali ya usalama – kwenye pembe zote nne. Sijaona kitu kizuri hivyo. Tukaondoa ile amri, tukawasha upya.

Sekunde arobaini!

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Tukazima, tukawasha tena, tuone tu. Arobaini. Na orodha ya Nyakiyumbu ikafunguka, yote, bila kuganda. Nakala nayo nimetoa.

Nikamtafuta Blandine wa Mama Tabisa. Hakuna. Sekunde moja tu, hakuna! Zamani mashine ilizunguka weee, mtu akapata muda wa kujikaza. Kesho nitamwambiaje, haraka hivyo?

Anselme sikumtafuta. Nilijiambia umeme utakatika. Haukukatika.

Ijumaa, 7 Machi

Watu wamejaa verandani tangu alfajiri. Padri anawapanga. Nimeomba dakika tano, nimefunga mlango.

Niliandika Anselme. Wako sita. Wa nne ni wangu. Jina lote, Butembo, mwaka wa kuzaliwa, seremala, kidole kimoja kimekatika mkono wa kushoto. Yuko hai! Alivuka Januari. Nyakiyumbu – hapo tu, nikipanda boda sasa hivi saa nne niko kwake. Nililia nikajiziba mdomo kwa leso.

Halafu nikasoma mpaka chini. Watu wa nyumba: watatu.

Watatu. Labda ni watu aliowasaidia njiani, Anselme ndivyo alivyo. Labda ni dada yake – lakini dada yake yuko Goma. Majina yao hayakuandikwa. Namba ya simu imeandikwa.

Nimepiga. Imelia mara mbili. Amepokea mtoto, wa miaka minne hivi, au mitano – mingi kuliko ile niliyompoteza Anselme.

"Allô? Papa iko anaoga."

Nyuma yake sauti ya mwanamke inamuuliza ni nani huyo.

Nimelaza simu mezani, haijakatika. Mama Tabisa anagonga mlango taratibu, ananiita: "Mama Espé!" Na mtoto, aliyesikia, ananiuliza kwa adabu, kama alivyofundishwa:

"Ni nani, mama?"